Ardhi, kuta au hewa: nyumba ya kwanza Mombasa kwa mfuko mdogo

Dalali wa Mombasa akikuambia ana nyumba ya kuuza, usianze na bei. Muulize: "Na ardhi?" Akinyamaza kidogo na kuangalia simu yake, nusu ya jibu umeshaipata. Huku kwetu nyumba inaweza kuwa yako, udongo ulio chini yake ukawa wa mtu mwingine, na hakuna aliyemwibia mwenziwe. Ndivyo mji ulivyojengwa.

Ninamwandikia mtu aliyechoka kulipa kodi Kisauni au Mikindani, mwenye akiba ya laki kadhaa na kipato cha kawaida, ambaye kila anayemuuliza anamwambia lake. Mbele yake kuna njia nne. Akinunua flati, ananunua hewa iliyozungushiwa kuta. Akinunua ploti, ananunua udongo mtupu. Akinunua nyumba bila ardhi, ananunua kuta na paa basi. Njia ya nne ni nyumba za mpango wa serikali, na hapo kitu cha kwanza anachopata ni nafasi kwenye foleni.

Nitazipima zote kwa mambo manne. Karatasi: jina lako litaandikwa wapi, na nani anaweza kulifuta? Pesa: za kuanzia na za kila mwezi, kwa sababu hizi mbili huwaangusha watu tofauti. Maisha: maji, njia, safari ya kwenda kazini. La nne ni siku utakayotaka kuuza, au siku utakayokufa ukawaachia wanao. Bei za mitaa sitazitaja, maana hubadilika kutoka barabara moja hadi nyingine. Nitapiga hesabu za mfano, nawe utie tarakimu zako.

Flati

*Karatasi.* Zamani mnunuzi wa flati alipewa mkataba mrefu wa upangaji chini ya hati ya mjenzi. Sheria ya mwaka 2020 kuhusu majengo yenye wamiliki wengi ilibadilisha hilo: kila flati hupata hatimiliki yake, pamoja na fungu lako katika ngazi, paa na maegesho, na wamiliki wote huunda shirika la kuendesha jengo. Kwa hiyo swali ni moja: hati ya flati hii imetoka, au "inashughulikiwa"? Neno hilo la mwisho huweza kukaa miaka. Uliza pia ardhi ya chini ni ya kudumu au ya muda. Hati ya miaka 99 iliyoanza 1965 itakwisha 2064, na benki huihesabu miaka iliyobaki kabla ya kukukopesha.

Ukinunua kwenye ramani, jengo likiwa bado shimo, utapunguziwa bei kwa sababu umebeba hatari ya mjenzi. Mimi ningefanya hivyo tu kwa mjenzi ambaye nimeshaingia katika jengo lake jingine na kuzungumza na wanaoishi humo, si na afisa wake wa mauzo.

*Pesa.* Chukua flati ya milioni 4. Amana ya kawaida ni asilimia 10, yaani 400,000. Ushuru wa stempu mjini ni asilimia 4, yaani 160,000. Hizo ni 560,000 kabla ya wakili na mthamini, na hujalala humo hata usiku mmoja. Ukikopa milioni 3.6 zilizobaki kwa miaka 15, riba ya asilimia 14 itakutoza kama 48,000 kwa mwezi. Mkopo uo huo kwa asilimia 9.5 ni kama 37,600. Tofauti ni zaidi ya elfu kumi kila mwezi, mwezi nenda mwezi rudi, kwa miaka kumi na mitano. Ndiyo maana inafaa uulize benki au sako yako, yaani chama chako cha akiba na mikopo, kama inatoa mikopo inayotokana na fedha za Kenya Mortgage Refinance Company, kampuni iliyoundwa ili wakopeshaji wapate pesa za muda mrefu na kukopesha kwa riba nafuu.

Asiyetaka riba kwa sababu ya dini ana mlango wake. Benki zinazofuata sharia, kama vile Gulf African Bank, hununua nyumba na kukuuzia kwa faida inayojulikana tangu mwanzo, au humiliki pamoja nawe huku ukinunua fungu lao kidogo kidogo. Ila halali haimaanishi rahisi: jumlisha utakacholipa mpaka mwisho, ulinganishe.

Halafu kuna ada ya kila mwezi ya mlinzi, usafi na pampu. Haina mwisho, na hupanda.

*Maisha.* Hapa flati hushinda kwa mengi: geti, mlinzi, taa za nje, na nyingi zipo karibu na barabara kuu, Bamburi hadi Mtwapa. Tatizo la Mombasa ni maji. Maji yetu hutoka mbali, Mzima kule Tsavo, Baricho kando ya mto Sabaki, Marere katika milima ya Shimba, na hayatoshi. Majengo mengi huishi kwa kisima cha maji ya chumvi, na boza la maji matamu la kununua. Nenda saa moja jioni, fungua mfereji, uonje. Kama ni ghorofa ya nne bila lifti, beba mtungi wa lita 20 upande nao mara moja kabla ya kusaini.

*Kuuza na kurithisha.* Yenye hati huuzika, na benki huikubali kama rahani. Lakini hutaongeza chumba mama mkwe akija.

*Inamfaa* mwenye kipato cha uhakika kila mwezi, anayeweza kuonyesha karatasi za kipato hicho, na asiye na muda wa kusimamia mafundi. Mwenye biashara ambayo mwezi huu imejaa na mwezi ujao imekauka atalala macho.

Ploti na kujenga pole pole

*Karatasi.* Ploti ndizo zilizowaliza watu wengi ninaowajua, na karibu wote walilizwa na haraka. Fanya sachi, yaani upekuzi wa rejista ya ardhi, wewe mwenyewe au kupitia wakili wako, si wakili wa muuzaji. Sachi itakuonyesha mwenye hati, ukubwa, na kama kuna rahani au zuio. Kisha mchukue mpima ardhi mwenye leseni akakuonyeshe bikoni, zile nguzo za mpaka, kwa ramani. Nilisimama na binamu yangu kwenye ploti ya nje ya mji ambayo muuzaji aliikanyaga pembe zote nne kwa kujiamini kabisa. Mpima alipokuja, bikoni ya nne ilikuwa ndani ya choo cha jirani.

Jihadhari na hesabu pia. Ploti ya futi 50 kwa 100 huuzwa kama thumuni ya ekari. Si kweli: thumuni kamili ni futi za mraba 5,445, na hiyo ni 5,000. Si dhambi kubwa, lakini anayekudanganya hilo bila kujua, hajui mengine pia.

Ploti nyingi za bei nafuu zimekatwa kutoka mashamba, na nyingi hazimo Kaunti ya Mombasa. Mtwapa na Mariakani ni Kilifi, Ukunda ni Kwale. Ofisi ya ardhi utakayoendea na kaunti utakayolipa ni za huko. Kama ardhi ni ya kilimo, mauziano yanahitaji idhini ya bodi ya udhibiti wa ardhi, na ombi linatakiwa lipelekwe ndani ya miezi sita tangu mkataba. Bila idhini hiyo mkataba ni karatasi ya kufungia maandazi. Kadi ya kampuni ya ploti si hati. Barua ya chifu si hati. Na ukiambiwa ardhi ni ya wakfu, shukuru kwa kuambiwa, uondoke: kilichowekwa wakfu hakiuzwi.

*Pesa.* Raha ya ploti ni kwamba unaweza kuilipa kwa akiba, chama au mkopo mdogo wa sako, bila kujifunga miaka 15. Ushuru wa stempu nje ya miji ni asilimia 2, kwa hiyo ploti ya 700,000 hutozwa 14,000. Uchungu huja baadaye. Katika miaka yote ya kujenga unalipa kodi mara mbili, ya mwenye nyumba unakoishi na ya fundi huko unakojenga. Unahitaji vibali vya kaunti na usajili wa ujenzi kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi. Na hewa ya bahari haingojei akiba yako: nondo zilizoachwa zimechomoza juu ya nguzo misimu miwili zitakuwa zimeliwa na kutu, saruji iliyolala stoo huganda. Kwa hiyo kujenga pole pole kuna akili yake. Nunua vifaa vya hatua moja, umalize hatua hiyo, usimame. Usijaze kiwanja mawe na nondo kwa sababu umepata pesa za ghafla.

*Maisha.* Stima iko mbali na nguzo ngapi? Bomba la maji limefika? Choo kitakuwa umbali gani na kisima cha jirani? Ploti ionwe mwezi wa tano, mvua ikiwa imenyesha wiki nzima, si Januari jua likiwaka. Kuhusu safari, barabara ya Dongo Kundu, inayoepuka feri ya Likoni, imewasogeza watu wa upande wa Kwale wenye magari, lakini anayepanda matatu mpaka Likoni na kuvuka feri kwa miguu, ambako hulipi kitu, bado anatoka nyumbani alfajiri.

*Kuuza na kurithisha.* Hapa ploti haina mpinzani. Ardhi yenye hati safi hurithiwa, hugawika ikiruhusiwa, na hungoja.

*Inamfaa* mwenye subira, mwenye ndugu au rafiki mwaminifu wa kupita kwenye kiwanja kila wiki, na ambaye kodi anayolipa sasa haimkabi koo. Haimfai anayetaka kuhama mwaka huu.

Nyumba bila ardhi

Mgeni kutoka bara akisikia jina hili hucheka. Mtu wa Majengo hacheki, kwa sababu pengine amezaliwa ndani ya moja. Ni nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, baraza mbele, ukumbi katikati, uani nyuma, na ardhi ni ya mtu anayelipwa kodi ya ardhi. Desturi ya mwambao, iliyofuata sharia ya Kiislamu, iliruhusu jengo na udongo viwe na wenyewe wawili. Kisha sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 ikataka kila mwenye dai la ardhi mwambao alipeleke lisajiliwe, na ardhi isiyodaiwa ikawa ya Serikali. Wengi waliokuwa wakikaa bila karatasi wakajikuta wapangaji kwenye ardhi ya wengine, au maskwota.

*Karatasi.* Huna hati wala hutaipata. Ulicho nacho ni mkataba wa kununua jengo, jina lako kwenye kitabu cha mwenye ardhi, na risiti. Bibi mmoja wa Majengo aliniwekea mapajani bati la biskuti, akafungua kifuniko kwa kisu. Ndani mlikuwa na risiti za kodi ya ardhi, zimefungwa kwa uzi mwaka kwa mwaka, za chini zimegeuka rangi ya chai. "Mwanangu," akasema, "hini ndiyo hati yangu." Alikuwa akisema kweli, na hapo ndipo hatari yake na nguvu yake vilipo. Nyumba ambayo muuzaji hana risiti za miaka ya karibuni usiiguse: deni la kodi ya ardhi litakufuata wewe.

Mambo matatu kabla ya kutoa hata shilingi. Kwanza, fanya sachi ya ardhi hiyo ingawa huinunui, ujue mwenye ardhi ni nani hasa na kama ameiweka rahani benki. Benki ikiiuza, mnunuzi mpya hatakuwa na kitabu chenye jina lako. Pili, uende mwenyewe kwa mwenye ardhi au wakala wake, akubali kwa maandishi kukupokea kama mpangaji wa ardhi. Tatu, kama nyumba ni ya urithi, warithi wote wasaini, na uombe kuona uamuzi wa Kadhi ikiwa mirathi ilipita huko. Jamaa yangu alinunua kwa kifungua mimba, wakapeana mikono, wakala tende. Mwaka wa pili dada mtu akaja kutoka Lamu kudai fungu lake, na alikuwa na haki.

*Pesa.* Ndiyo njia ya mlango mdogo kuliko zote, kwa sababu hulipii udongo. Na inaanza kukulipa mara moja: kaa vyumba viwili, pangisha vinne. Tuseme kila chumba ni 3,500. Ni 14,000 kwa mwezi, unatoa kodi ya ardhi, kilichobaki ni chako. Hakuna flati itakayokufanyia hivyo. Lakini andaa fedha taslimu, kwani benki haikopeshi kwa kuta zisizo na ardhi.

*Maisha.* Kisiwani au karibu nacho, soko liko mlangoni, shule na msikiti kwa miguu, majirani wanaokujua. Pia choo kimoja kwa watu wengi, na paa linalotaka mabati kila baada ya muda. Kupandisha ghorofa ni shida, maana kibali cha kaunti huanza na hati ya ardhi, nawe huna. Mwenye ardhi ndiye anayeamua.

*Kuuza na kurithisha.* Huuzwa na kurithiwa kila siku, ila soko lake ni la wanaoujua utaratibu huu, na mwenye ardhi huweza kutaka ada ya kubadilisha jina kitabuni. Hatari kuu ni siku ardhi itakapouzwa kwa mtu mwenye ramani ya ghorofa kumi. Hapo utaanza kusikia maneno "notisi" na "mahakama", na wenye nyumba kadhaa mtachangishana wakili. Mara nyingine wakazi huungana wakainunua ardhi wenyewe. Kabla ya kununua uliza mtaani kama mazungumzo ya aina hiyo yapo, na mwenye ardhi ana sura gani akiulizwa.

*Inamfaa* mwenye fedha taslimu kidogo, asiye na karatasi za kipato, anayetaka kipato cha kodi na kukaa mjini, na anayeichukulia pesa hiyo kama ya kurudi ndani ya miaka saba au minane. Akikaa zaidi ya hapo, ni faida. Anayetaka kuwaachia wajukuu kitu kisichotikisika aangalie kwingine.

Nyumba za mpango wa serikali

Nitapita haraka, kwa sababu hapa huchagui sana, unachaguliwa.

*Karatasi* ni safi kwa kawaida, lakini ina kamba: Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya mwaka 2024 hairuhusu kuuza bila idhini ya maandishi ya Bodi ya Nyumba za Bei Nafuu. *Pesa*: unajisajili Boma Yangu, mtandao wa serikali wa mpango huu, unaweka akiba mpaka ufikishe amana inayotakiwa, na mnunuzi wa nyumba ya kwanza katika mpango huu amesamehewa ushuru wa stempu. Kama umeajiriwa, asilimia 1.5 ya mshahara wako inakatwa tayari, na mwajiri anaongeza kiasi hicho hicho. Kukatwa huko hakukupi nyumba; huo ni ushuru, akiba ya amana ni kitu kingine. Watu wengi huchanganya. *Maisha*: Buxton, ambako majumba ya zamani ya kupanga yalibomolewa yakajengwa maghorofa kwa ubia wa kaunti na mjenzi binafsi, ni kisiwani kabisa, na eneo kama hilo kwa mfuko mdogo ni nadra. *Kurithisha* kunawezekana, kuuza haraka, hapana.

*Inamfaa* mwenye subira ya foleni na asiye na mpango wa kuuza. Kujisajili hakukuzuii kutafuta kwingine.

Basi wewe ni yupi?

Una mshahara wa benki, watoto wadogo, na mke au mume pia anafanya kazi: anza na flati yenye hati iliyokwisha kutoka, ndogo kuliko uliyoiota, na mkopo ambao mshahara mmoja peke yake ungeweza kuulipa miezi mitatu bila kelele.

Una duka au tuktuk, pesa huja kwa mawimbi: ploti, ulipe mara moja, ujenge pesa zikija. Chumba na choo kwanza, uhamie humo ili kodi ya mwenye nyumba ikome, vingine vifuate.

Umestaafu umepata kiinua mgongo kidogo na unataka kitu kinacholeta unga kila mwezi: nyumba bila ardhi inaweza kukufaa kuliko watoto wako wanavyodhani, mradi mwenye ardhi ajulikane na risiti ziwepo. Usitie pesa zote humo.

Uko nje, Ghuba au Ulaya, na unatuma pesa: usijenge kwa simu. Flati iliyokwisha, au ploti tupu yenye hati mkononi mwa wakili wako, ikungoje ukirudi.

Umeoa karibuni, akiba ni laki moja, haraka huna: jisajili Boma Yangu leo, ingia sako, na Jumamosi tembelea ploti bila kununua. Baada ya ishirini utaanza kunusa uongo.

Na ukibaki umekwama kati ya mbili, chukua siku moja ya mvua. Panda matatu ya saa kumi na mbili asubuhi kutoka huko unakotaka kununua mpaka kazini, jioni urudi na njia hiyo hiyo, ufungue mfereji. Kisha mwache dalali, ubishe mlango wa jirani, umuulize anamlipa nani kodi ya ardhi.